Mtu Mwenye Ujuzi wa Kawaida

Wakili alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomuudhi Fundi Grisi kuliko yote. Mtu akitaka kukutukana, afadhali apaaze sauti ujue umetukanwa. Huyu alimsogezea kiti, akammiminia maji ya kunywa, akaiweka miwani yake sawa, ndipo akamwambia kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa:

"Dada, tukitaka kushinda, itabidi useme kifaa chako hakina ubunifu wowote."

Fundi Grisi aliitazama ile glasi ya maji, akapima kama inatosha kumwagia mtu.

"Rudia."

"Useme kwamba fundi yeyote wa kawaida angekitengeneza bila kuumiza kichwa."

"Mimi nimeumiza kichwa."

"Najua, dada. Ila usiseme."

Tumwache wakili hapo kidogo, apumue, maana mwanamke aliye mbele yake hajulikani na msomaji na hasira yake itaonekana ya bure.

Jina la Fundi Grisi alilipata kwenye machimbo ya kampuni kubwa, alipokuwa akipita na ndoo na brashi akizilisha grisi rola za mkanda, yale magurudumu ya chuma yanayoubeba. Mkanda wenyewe ni mpira mweusi, mpana kama kitanda cha watu wawili na mrefu kama mtaa, unaobeba mawe kutoka kwenye krasha, mashine ya kuyavunja, hadi kwenye lundo, kisha unajigeuza na kurudi chini chini, tumbo juu, kwenda kubeba mengine. Aliajiriwa kufagia karakana. Mwaka wa tatu alikuwa anasikia rola mbovu akiwa kantini, anaacha chai yake inapoa, anakwenda moja kwa moja kwenye rola yenyewe na kuipiga spana. Kwenye orodha ya mishahara cheo chake kilikuwa mfagiaji daraja la pili. Alikitumikia cheo hicho miaka kumi na minne, akiunganisha mikanda iliyowashinda mafundi wa daraja la kwanza.

Adui wa mkanda si jiwe, ni tope. Mawe yakiwa na maji, udongo wake unaganda kwenye mpira. Mkanda ukishamwaga mzigo na kuanza kurudi, tope linadondoka njia nzima, linajazana chini ya rola, linausukuma mkanda pembeni mpaka unajikata kwenye fremu. Dawa ya kampuni ilikuwa watu wenye mabeleshi. Waliingia chini ya mkanda, wameinama, wakachimba tope huku mpira ukipita juu ya visogo vyao. Kusimamisha mkanda kulihitaji saini tatu. Kumwingiza mtu chini yake hakukuhitaji hata moja.

Mmoja wa hao watu alikuwa mumewe, Baba Mapacha. Jumanne moja asubuhi rola ililidaka beleshi, na beleshi halikumwachia mkono. Mkono wa kushoto ulikwenda wote mpaka juu ya kiwiko. Taarifa ya kampuni ilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema, "Mfanyakazi alijisahau." Fundi Grisi aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali. Wanawake wenzake walimshika mabega wakidhani atalia. Hakulia. Alikasirika, tena hasira yenye adabu, isiyovunja vyombo. Hasira hiyo ilihamia nyumbani kwake kama mpangaji na mpaka leo haijahama.

Ndiyo iliyotengeneza zile kucha.

Kampuni iliwahi kujaribu ubapa mmoja mrefu wa kukwangua mkanda unapogeuka. Kila kiungo cha chuma cha mkanda kilipopita, kiliugonga ubapa, ukapinda, ukaanza kuula mpira wenyewe. Fundi Grisi aliukata ubapa vipande vitano, akaviita kucha. Kila kipande alikitundika kwenye mkono wake wa chuma, na nyuma ya kila mkono akafunga kopo la rangi lililojaa kokoto. Kiungo kikija, ukucha unaruka, kopo linaurudisha, tope linaendelea kushuka mahali pamoja ambapo toroli linalisubiri. Hakuna tena mtu wa kuinama. Alivunja miundo sita kabla ya huo. Wa nne ulimrudia kifuani na kumlaza siku mbili.

Jumamosi aliyoufunga, alipita Injinia Kamera. Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa sababu hakuwahi kushika spana, ila simu yake ilipiga picha kila kitu kuanzia mitambo mpaka sahani yake ya mchana. Alipiga kucha zile picha kumi na moja, mbele, nyuma na ubavuni.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Ha. Safi sana," akasema Injinia Kamera, akapiga ya kumi na mbili.

Wiki tatu baadaye mkataba wa Fundi Grisi haukuongezwa. Akaenda kufanya kazi kwenye machimbo madogo ya kokoto upande wa pili wa kilima, na pale akatundika kucha. Machimbo jirani wakaja kuangalia, akawatundikia na wao. Yakawa machimbo sita, na miaka miwili hakuna mtu aliyeingia chini ya mkanda kwenye hayo sita.

Kisha ikaja barua. Kampuni kubwa ilikuwa imepewa hataza, ile hati ya serikali inayosema kifaa fulani ni ubunifu wa fulani na mwingine asikiguse bila ruhusa. Mbunifu aliyetajwa, Injinia Kamera. Kopo la rangi lilikuwa limepandishwa cheo, sasa linaitwa "chombo mviringo cha uzani wa kurejesha." Amri ya muda ikafuata: machimbo yote sita yashushe kucha mpaka shauri liishe. Zikashushwa Ijumaa. Jumatatu, shemeji yake Fundi Grisi, mdogo wake Baba Mapacha, alipewa beleshi na kuonyeshwa mahali pa kuinama.

Hapo ndipo alipokuwa amefikia alipoketi mbele ya wakili wa wenye machimbo.

"Kwa nini nisiseme tu ukweli?" aliuliza. "Kwamba ameniibia."

"Muda wa kudai kuwa ni chako ulikwisha miezi minne kabla ya ile barua. Na ulikitengeneza ndani ya uzio wao, ukiwa mwajiriwa wao, bila mchoro hata mmoja."

"Nilichora kwa chaki kwenye fremu."

"Mvua imenyesha, dada."

Mlango uliobaki ulikuwa mmoja. Ofisi ya hataza hukubali kuifuta hati ikithibitika kwamba kifaa kilikuwa jambo la wazi, yaani yalikuwepo maandishi ya zamani yenye vipande vyake, na mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani angeviunganisha tu. Wakili alikuwa ameyapata maandishi hayo. La kwanza lilitoka kiwanda cha chakula cha mifugo, lina ubapa uliokatwa vipande. La pili lilitoka kiwanda cha saruji, lina ubapa unaovutwa na uzito. Ukiyaweka pamoja, unapata kucha.

"Huyo mwenye ujuzi wa kawaida ni nani?" aliuliza Fundi Grisi.

"Hayupo. Ni mtu wa kufikirika. Amesoma maandishi yote ya fani yake, lakini hana wazo lake mwenyewe hata moja."

"Yupo. Ni injinia."

Wakili alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akajirudi. "Imebaki tofauti moja. Kwenye hataza yao ukucha wa tatu ni mfupi. Wanasema hapo ndipo palipo ubunifu, hakuna andiko la zamani lenye ukucha mfupi."

Fundi Grisi aliuvuta mchoro karibu. Akauangalia muda mrefu. Ulikuwa mchoro wa kompyuta, mistari imenyooka kama nywele za bi harusi, na katikati yake ukucha wa tatu mfupi kwa upana wa kiganja, umewekewa namba yake na mshale wake.

"Kumbe," alisema. Basi. Akaikunja karatasi akaitia kwenye mkoba.

Nyumbani alimweleza mumewe. Baba Mapacha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akifunga kamba za viatu, kazi aliyoifanya kwa mkono mmoja na meno, na hakuruhusu mtu amsaidie.

"Kwa hiyo unakwenda kuapa kwamba mke wangu ni wa kawaida," alisema, kamba ikiwa bado mdomoni.

"Usianze."

"Mimi sijaanza. Nakaa na huyo mtu miaka ishirini na mbili, sijauona huo ukawaida. Pengine mchana mkiwa kazini." Aliitoa kamba mdomoni. "Na mdogo wangu bado yuko chini ya mkanda?"

"Bado."

"Basi nenda ukaape."

Shauri lilisikilizwa ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichokuwa kinadondoshea maji kwenye ndoo. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, mzee mwenye kalamu nne mfukoni, alitaka kwanza kuuelewa mkanda.

"Ni kama ule wa mizigo wa uwanja wa ndege?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu Fundi Grisi. "Ila ule hauli watu."

Injinia Kamera alitangulia kutoa ushahidi. Suti ilimkaa vizuri, lazima tumpe haki yake. Alieleza kwamba alipochunguza mkanda aligundua mtikisiko unaojirudia, akafanya hesabu kwa wiki kadhaa, na hesabu zikamwonyesha kwamba ukucha wa tatu ukifupishwa mtikisiko unakufa. "Ni jambo ambalo fundi wa kawaida hawezi kulifikia," alisema, macho yake yakimruka Fundi Grisi kama mtu anayeruka dimbwi. "Lilihitaji uchambuzi."

Fundi Grisi alicheka kicheko kimoja kikavu. Mwenyekiti akamwonya. Akaomba radhi, akaitwa, akaapa.

"Mheshimiwa, ule ukucha ni mfupi kwa sababu chuma kiliisha."

Mwenyekiti aliacha kuandika, tone likaanguka kwenye ndoo.

"Kiliisha?"

"Kiliisha. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na vipande vinne virefu na kimoja kifupi. Nikamwomba mtunza stoo kingine, akasema lazima saini ya Injinia. Injinia hakuwepo, alirudi mchana. Asubuhi hiyo alikuwa semina."

"Semina ya nini?"

"Ya ubunifu mahali pa kazi, mheshimiwa."

Mjumbe wa kulia alipatwa na kikohozi, akajificha nyuma ya faili. Fundi Grisi hakutabasamu. Aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo waliomjua walilihofia kuliko kelele.

"Nilikiweka kile kifupi nikisema nitakibadilisha. Nikaondolewa kabla. Pale kilipo kifupi hakigusi mkanda vizuri, kinaacha tope. Hakuna mtikisiko unaokufa hapo. Bwana huyu amepiga picha upungufu wangu, akauchora, akaufanyia hesabu, mkampa hati. Na ameujenga hivyohivyo kwenye mikanda yao yote minane."

Wakili, kwa upole wake uleule, alilipa jopo kijitabu cha matangazo cha kampuni, karatasi ya kung'aa. Picha ya jalada ilikuwa mkanda wao wenye kucha tano, na kwenye mpira wake, wazi kabisa, mstari wa tope wenye upana wa kiganja. Ukiangalia vizuri chini ya mstari huo ulimwona mtu ameinama, beleshi mkononi. Mpiga picha alikuwa amemwona kama pambo.

Jopo lilikipokezana. Mwenyekiti alitoa kalamu moja, akairudisha, akatoa nyingine.

Ndipo aliposimama wakili wa kampuni, bwana mwenye tai nyekundu, aliyekuwa kimya kama paka kwenye jiko. Huyu alikuwa na akili. Hakuugusa tena ukucha wa tatu.

"Mama, kifaa hiki kilikuchukua muda gani, tangu ulipokifikiria mpaka ulipokifunga?"

Wakili wa machimbo alikaza kalamu. Fundi Grisi aliuona mtego, ila alikuwa ameapa.

"Miezi kumi na moja."

"Miezi kumi na moja." Mwenye tai aliligeukia jopo, akalipa nafasi ya kuhesabu. "Fundi hodari, anayefanya kazi hapohapo kila siku. Jambo la wazi huchukua miezi kumi na moja?"

"Miezi tisa na nusu ya hiyo nilikuwa nasubiri ruhusa ya kusimamisha mkanda dakika arobaini."

"Mama, jibu nililo..."

"Lipo daftari lao la kusimamisha mkanda. Walinikatalia mara tisa kabla ya kukubali. Kila mara waliandika 'uzalishaji kwanza' wakagonga muhuri. Muhuri wa idara yake huyo." Hakumwonyesha Injinia kwa kidole. Kidevu kilitosha.

Nakala za kurasa hizo zilikuwa kwenye faili la wakili, zikatolewa. Injinia Kamera aliinamia viatu vyake, ambavyo pia vilikuwa vizuri.

Lilibaki swali moja, na mwenyekiti aliliuliza mwenyewe, bila hila, kama mzee anayetaka kufunga faili aende kula.

"Kwa hiyo, fundi, tukiuacha huo ukucha mfupi. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi yenu, akiwa na haya maandishi mawili, angeweza kukitengeneza kifaa hiki?"

Wakili hakumtazama. Fundi Grisi aliwaona mafundi kumi na wanne wa daraja la kwanza, mmoja mmoja, waliopita kando ya mkanda ule miaka nenda miaka rudi wakiwaruka watu walioinama. Hakuna aliyeona kitu. Aliuona muundo wa nne ukimjia kifuani. Akisema hawezi, hati inabaki. Hati ikibaki, kucha hazipandi, na shemeji yake saa hiyohiyo, saa tano na robo mchana, alikuwa na mpira unaokimbia juu ya kisogo chake.

"Angeweza," alisema.

Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa ameapa kusema ukweli wote, "Angeweza, kama kila asubuhi angekuwa anamwangalia mumewe akifunga kamba za viatu kwa meno. Wa hivyo angeweza. Wale wengine nimewaona. Hawakuweza."

"Tumekusikia," alisema mwenyekiti. Karani akaandika.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu, kurasa mbili na muhuri. Baba Mapacha aliusoma kwa sauti mezani, karatasi ameibana kwa kikombe isipeperuke. Hataza imefutwa. Amri ya muda imeondolewa. Akasita.

"Soma."

"Sehemu hii haina maana."

"Soma, Baba Mapacha."

"'Jopo limezingatia hasa ushahidi wa shahidi wa kwanza wa wenye machimbo, fundi mwenye ujuzi wa kawaida, ambaye alipoulizwa iwapo mtu wa kiwango chake angeweza kukitengeneza kifaa hicho bila ubunifu, alikiri: Angeweza.'"

"Na yale mengine?"

Aligeuza karatasi, akaangalia nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na maandishi. "Hayamo."

"Ya viatu hayamo."

"Hayamo."

Alisimama. Mumewe alianza kusema kitu cha kuchekesha, akauona uso, akakimeza. Mkewe alichukua mkoba wa spana nyuma ya mlango akatoka, na mlango aliufunga taratibu.

Kwenye machimbo ya kokoto, bosi wake alikuwa ameshapigiwa simu na anatembea ofisini akipeana mikono na kila mtu, mpaka na mlinzi. Aliagiza soda. Kalenda ilishaondolewa ukutani ili uamuzi upate pa kutundikwa kwenye fremu ya kioo. Alimfungulia Fundi Grisi mikono.

"Tumeshinda, fundi wangu."

"Mmeshinda. Kile kikaratasi usikitundike mahali ninapopita."

"Lakini kimekutaja wewe. Shahidi wa kwanza."

"Kimemtaja mtu mwingine. Zima mkanda."

"Si tungoje kwanza nakala yenye muhuri? Kesho kutwa itakuwa..."

Hakumngoja. Alivuta kamba ya dharura mwenyewe. Mkanda ulipunguza mwendo, ukaguna, ukasimama, na kimya kikashuka machimboni kote. Kutoka chini ya mpira, katikati ya tope, kilitokea kichwa cha shemeji yake.

"Shemeji? Imekuwaje?"

"Imefutwa."

"Aa. Kwa hiyo mbunifu sasa ni nani? Wamekuandika wewe?"

"Wameandika hakuna."

Shemeji alifikiri kidogo, akipangusa uso kwa mkono uliokuwa mchafu kuliko uso. "Sasa shemeji, mbona umenuna hivyo, na umeshinda?"

"Toka chini ya mkanda."

"Nimalizie tu hiki kirundo, kimebaki kido..."

"Toka, nimesema. Na hilo beleshi lilete."

Alitoka kwa magoti. Fundi Grisi alimnyang'anya beleshi, akalisimamisha nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Kucha alizitoa kwenye turubai zilimolazwa miezi yote ile, akazitundika moja baada ya moja, tano, akaongeza kokoto kwenye kopo moja lililopungua. Alikaza kila nati mara mbili. Alikuwa kama anasema na mtu asiyekuwepo, midomo inatembea, na shemeji alisikia maneno machache tu. Hayaandikiki.

Alipomaliza aliangalia chini ya mkanda urefu wake wote, akiinama kwenye kila rola, mpaka mwisho, na kurudi tena. Hakukuwa na mtu. Akainua mkono.

Mkanda ukaondoka. Kiungo cha kwanza kilifika, kucha zikaruka, makopo yakazirudisha kwa mshindo mmoja. Tope lilianza kuanguka mahali pamoja, zito, linameta. Wafanyakazi walianza kupiga makofi, na mtu mmoja akamletea soda. Aliipokea akampa shemeji, akabaki amesimama palepale, amekasirika vilevile, akiuangalia mpira safi ukipita.

"Toroli," alisema. "Linajaa. Nani wa toroli?"